Konokono Aingia Mjini

Nyuma ya kituo cha mafuta, Jumanne, 3 Juni

Binti yangu mpendwa,

Tumeondoka! Ulituona tukitoka langoni, lakini kuondoka ni jambo moja na kwenda ni jambo jingine, kwa hiyo acha nikueleze tunavyokwenda.

Tunakwenda taratibu. Basi dogo lililochoka kwenye kampuni yenu limezaliwa upya. Fundi seremala alifanya kazi ya kusifiwa: kitanda kinakunjwa mchana kinakuwa benchi, meza inashuka kutoka ukutani kama ulimi, jiko la gesi lina vichwa viwili, na sinki linatoa maji ukilibembeleza. Mapazia, kama unavyojua, ni ya mama yako. Mama yako amelipa gari jina: Konokono. Linabeba nyumba yake mgongoni, na halina haraka na mtu. Kila tunaposimama watu hulizunguka wakiuliza, "Mzee, mnalala humu humu? Na choo?" Nami nawaeleza. Nikimaliza kueleza, mama yako anakuwa amekwisha pika chai.

Unajua kwamba umri wangu wote wa kazi nimefundisha Jiografia. Nimechora ubaoni reli, bandari na miji ambayo mguu wangu haukuwahi kuikanyaga. Nilikuwa kama mtu anayesifia ladha ya asali huku amesimama nje ya mzinga. Sasa naingiza kidole.

Leo njiani nilimweleza mama yako kwa nini barabara hupinda hata mahali pasipo na mlima. (Ni kwa sababu ya maji: barabara hukwepa ardhi inayotuamisha maji.) Alisikiliza kwa utulivu kabisa, macho mbele, hakunikatiza hata mara moja. Sijawahi kupata mwanafunzi kama huyo.

Barua hii nampa dereva wako, Breki, ambaye tumemkuta hapa akijaza mafuta. Simu tuiachie dharura kama tulivyokubaliana. Ulipokuwa bweni tuliandikiana, na mpaka leo barua zile ndizo mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo.

Baba yako



Ofisini, Alhamisi, 5 Juni

Shikamoo Baba,

Barua imefika. Nimeisoma kwa sauti, madereva wakiwa wamenizunguka, na sasa kila mmoja anataka konokono wake.

Ila Baba, mbona umeandika kwa ile kalamu nene ya mabango? Breki alipoitoa kwenye bahasha nilidhani ni tangazo la mkutano wa hadhara. Karatasi saba! Herufi kubwa kama za darasa la kwanza.

Sasa narudia masharti, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba somo lisiporudiwa halishiki. Unaendesha mchana tu. Ukichoka unapumzika. Na siku mwili ukikataa, yaani mgongo, moyo, macho, chochote kile, mnageuza gari na kurudi. Chumba cha uani nimekwisha kipaka rangi, kitanda kimeingia, na kinawasubiri. Baba, kazi yangu ni kuwapangia madereva safari. Namjua dereva anayesema "niko sawa, bosi" huku hayuko sawa. Anaanza kwa kujibu swali ambalo sikumuuliza.

Na Mama anafanya nini kutwa nzima? Mwambie asikae tu dirishani kama mzigo wa mtu. Ashuke, anyooshe miguu.

Binti yako



Mji wa kwanza, Jumapili, 8 Juni

Bosi wa mabasi, salaam,

Kalamu nene ni kwa sababu ya meza. Meza ya gari hutikisika, na kalamu nyembamba huteleza. Umeridhika?

Mama yako hakai kama mzigo. Ana shughuli nyingi kuliko unavyodhani. Na kuhusu usukani, lala usingizi: uko kwenye mikono mizuri.

Leo tumeutembea mji huu mdogo. Nikueleze kitu ambacho vitabu hukisema kwa kifupi mno: hakuna mji uliokaa mahali ulipo kwa bahati. Ukiona maduka yamebanana barabara moja, uliza kuna nini mwisho wa barabara hiyo. Utakuta kivuko, kisima au kituo cha reli. Mji huu ulizaliwa na kivuko. Daraja lilipojengwa kivuko kikafa, lakini maduka yamebaki yaleyale, yamegeukia mto kama watu wanaomsubiri mgeni aliyekwisha ingia kwa mlango wa nyuma. Nilifurahi mpaka nikamweleza muuza viatu. Akasema, "Kumbe! Ndiyo maana duka langu halina wateja."

Lakini huu ni utangulizi tu. Unaukumbuka mji uliokuwa na picha ya ukurasa mzima katika kitabu cha darasa la sita? Mnara wa saa kwenye njia panda, posta yenye matao, kituo cha reli, sinema yenye ngazi nyeupe? Mji ule nimeufundisha kila mwaka wa kazi yangu. Wewe mwenyewe ulipata alama zote katika swali la mnara. Ndiko tunakokwenda. Mwanangu, siwezi kukaa kitako kwa hamu! Nataka nisimame chini ya ule mnara nitazame juu. Nikishautazama, mengine Mungu atajua.

Baba yako



Ofisini, Jumatano, 11 Juni

Mama yangu,

Barua hii Breki atakupa wewe mkononi. Usimwonyeshe Baba.

Sijui nianzeje. Jana Breki aliingia ofisini akizungusha kofia mikononi. Akasema, "Bosi, mimi sipendi kuingilia mambo ya wazee. Lakini nimekutana na Konokono kwenye mlima. Mzee kakaa kiti cha abiria, kaegemea kama bwana harusi, anaongea huku mikono inacheza. Na usukani kashika dada mmoja hivi."

"Dada gani?"

"Dada tu. Kofia, miwani myeusi, mkono mmoja dirishani, anapiga mluzi. Halafu bosi, amenipita! Mlimani! Na abiria wote wakashangilia."

"Na mama yangu?"

"Mama sikumwona. Labda alikuwa amelala nyuma."

Mama, huyo mwanamke ni nani? Mmemwajiri? Mbona Baba hajasema? Aliandika kwamba usukani "uko kwenye mikono mizuri". Mikono ya nani? Nashindwa hata kuendelea kuandika. Baba ni mtu mzima, nywele zimekwisha kichwani. Kama kuna jambo unalimeza kwa ajili ya heshima ya nyumba, basi usilimeze. Mimi ni mwanao. Nitakuja kesho yake.

Binti yako



Chini ya mti, pembeni mwa barabara kuu, Alhamisi, 12 Juni

Mwanangu,

Nimecheka mpaka baba yako akaniuliza nimekumbuka nini. Nikamwambia nimekumbuka harusi.

Huyo dada ni mimi.

Mwambie Breki nashukuru sana kwa hilo neno "dada". Ni muda mrefu sijaitwa hivyo na mtu asiyeniuzia kitu. Na mwambie pia kwamba basi lake linakohoa kwenye gia ya pili. Nililisikia nilipokuwa nampita.

Nilijifunza mwaka jana. Unamkumbuka yule mzee aliyekuwa akifundisha udereva, mume wa mteja wangu? Nilimshonea suti, akanilipa kwa masomo. Zile asubuhi nilizosema napeleka nguo za wateja, nilikuwa uwanja wa mpira nazunguka magoli. Mguu uliokanyaga cherehani maisha yote hauogopi pedali. Tofauti ni kwamba cherehani haina rivasi, na hiyo rivasi ilinitoa jasho. Leseni ninayo, na kwenye picha nimetoka vizuri.

Siku ile mlipotuaga, baba yako alilitoa gari langoni, ukapunga mkono, akakata kona, akasimama. Tukabadilishana viti. Tangu hapo naendesha mimi, yeye anaeleza. Kila mtu anafanya anachokiweza.

Hatukukwambia kwa sababu uliyapanga masharti kwa ile sauti yako ya ofisini: "Baba ataendesha." Tuliogopa safari isije ikafia langoni. Baba yako mgongo unamsumbua akikaa sana kwenye usukani. Ni hilo tu.

Mwanangu, nikuambie ukweli? Nikiingia gia ya nne barabara ikiwa nyeupe mbele, najiona msichana. Usininyang'anye.

Mama yako



Ofisini, Ijumaa, 13 Juni

Mama! Mama! Mama!

Nimewasomea madereva barua yako, nikaruka yale ya mwisho. Breki amekaa chini. Wenzake wamemwambia akabidhi leseni, apewe cherehani. Tangu hapo hawamwiti Breki tena, wanamwita "Aliyepitwa".

Nina hasira kwamba mlinificha, na nina furaha kiasi kwamba hasira haipati pa kukaa. Kabla ya kuwasha gari kagua matairi, maji na mafuta. Kwenye mteremko tumia gia, usilale kwenye breki. Wewe sasa ni dereva wangu kama wengine.

Neno moja tu. Mgongo gani huo, Mama? Baba nimemsikia akilalamikia wizara, mvua na mitaala. Mgongo sijawahi kumsikia akiulalamikia.

Bosi wako



Mji wa ukurasa mzima, Jumapili, 15 Juni

Mwanangu,

Tumefika! Nimeuona!

Tuliingia asubuhi. Konokono tumemwegesha kwenye uwanja mpana kando ya kituo cha mabasi, tukashuka kwa miguu, maana katikati ya mji hapajulikani kwa gari. Mji hutazamwa kwa kasi ya mtu anayetafuta kitufe kilichoanguka.

Na pale kwenye njia panda, mwanangu, ukasimama mbele yangu. Mnara! Mrefu, mweupe juu. Nilimshika mama yako mkono nikamwuliza, "Unauona?" Akasema anauona. Nilisimama palepale katikati ya watu, mwanafunzi na mwalimu ndani ya suruali moja. Saa niliisoma kutoka ng'ambo ya barabara bila taabu: saa nne kasoro robo.

Kushoto, posta na matao yake matatu. Matao hayo si mapambo. Hubeba uzito wa ghorofa na kuacha kivuli kwa wanaosubiri barua. Mbele yake, kituo cha reli na paa lake jekundu. Mji huu ulizaliwa na reli, ndiyo maana barabara zake zote zinakimbilia kituoni kama vifaranga kwa mama yao. Na sinema, na ngazi zake nyeupe. Kila kitu mahali pake!

Nikwambie nilichojifunza. Nilidhani nikiuona mji huu nitaona nilivyokuwa nikiwadanganya wanafunzi. Kumbe sikuwadanganya. Niliyoyafundisha ni kweli. Mtu aombe nini zaidi?

Mama yako amechoka leo, hasemi sana. Ni joto.

Baba yako mwenye furaha



Ofisini, Jumanne, 17 Juni

Mama,

Hii pia ni yako peke yako.

Niliposoma barua ya Baba nilifurahi mpaka nikamwita Breki nimsomee. Nilipofika kwenye mnara akanikatiza. "Mnara gani, bosi? Ule ulibomolewa walipopanua barabara. Pale sasa kuna bango la dawa ya meno. Na kituo cha reli hakina paa jekundu wala reli. Napita pale kila wiki."

Mama, picha ile naijua kama uso wangu. Nilikaa nayo mwaka mzima darasani, mwalimu akiwa baba yangu. Saa kwenye ile picha inaonyesha saa nne kasoro robo.

Baba hakuniandikia mji. Ameniandikia ukurasa.

Usinijibu habari za mgongo. Kalamu nene, usukani wako, na sasa hili. Baba anaona kiasi gani?

Binti yako



Kando ya kituo cha mabasi, Jumatano, 18 Juni

Mwanangu,

Anaona mwanga. Anaona kitu kikubwa kinapokuja, ila hajui ni ng'ombe au lori. Uso wangu anaujua nikikaa karibu. Anasema ni kama kutazama kupitia dirisha la bafuni baada ya mtu kuoga.

Ilianza kidogo kidogo. Nilipomwambia twende kwa daktari alikataa. Unajua babu yako alimalizia maisha kwenye kiti, mlangoni, akiuliza kila apitaye, "Nani huyo?" Baba yako akaniambia, "Mke wangu, hii ni zamu yangu. Kitu cha urithi hakina daktari. Kabla dirisha halijafungwa, nipeleke nikaone ile miji." Ndipo nikaenda kujifunza gari. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Pale njia panda, mbele yetu lilikuwapo lile bango. Msichana mkubwa kama nyumba, anacheka, meno yake kama vigae. Baba yako akanishika mkono. Akasema, "Unauona?" Nikasema, "Nauona, Mwalimu."

Basi akaendelea. Posta, matao, paa jekundu. Mimi naitika tu. Sinema ni duka la makochi. Posta matao yamezibwa kwa matofali. Nikaona nikimsahihisha jambo moja yote yatamwangukia, naye ameyabeba kutoka mbali.

Ila tangu Jumapili chakula hakinipiti. Nimemleta mpaka hapa ili aone, halafu nikamzuia asione. Naogopa kumwambia, na naogopa zaidi kukaa kimya. Nifanye nini?

Mama yako



Ofisini, Alhamisi, 19 Juni

Mama, msomee Baba barua hii, yote, bila kuruka.

Shikamoo Baba,

Najua kuhusu macho. Usimlaumu Mama, nilimbana. Najua pia kwamba mnara haupo. Ulibomolewa, na uliloliona ni bango la dawa ya meno. Naandika hivi kwa mkono mzito, lakini wewe ulituambia jibu lisilo sahihi likiachwa ubaoni, darasa zima litalinakili.

Tulikubaliana: mwili ukikataa, mnarudi. Jumatatu Breki atakuja na dereva wa akiba, atamwendesha Konokono mpaka nyumbani. Si kwamba simwamini Mama. Siwezi tu kukaa ofisini nikijua uko mbali, huoni, na unanificha. Chumba kiko tayari. Nitakuwa nakusomea magazeti, nawe utayakosoa.

Nakupenda, Baba. Usinijibu kwa maelezo marefu. Rudi tu.

Binti yako



Kando ya kituo cha mabasi, Ijumaa, 20 Juni

Binti yangu,

Nasema mimi, anaandika mama yako. Ameahidi kuandika ninachosema na si zaidi.

(Nimeahidi. Lakini mabano ni yangu. — Mama)

Alinisomea barua yako asubuhi, bila kuruka. (Chai ilipoa. Nikaitia moto, ikapoa tena.) Sikuona aibu kwa sababu ya mnara. Niliona aibu kwamba nilikuandikia saa nne kasoro robo. Ile niliiweka makusudi, ili usishuku macho yangu. Nilikuibia jibu kutoka kitabuni, mimi ambaye niliwatoa watoto darasani kwa kosa hilohilo.

Kisha nikamwambia mama yako: "Haya, nipeleke tena. Safari hii usiitike. Niambie kuna nini."

Mwanangu, huo mji! Kitabu hakikuujua hata kidogo! Yule msichana wa bango ana pengo moja, kwa sababu mvua imebandua karatasi, kwa hiyo anatangaza dawa ya meno akiwa na jino limeng'oka. (Ni kweli. Na njiwa amejenga palepale kwenye pengo.) Kituo cha reli: reli zimeng'olewa, na kwenye chumba cha kungojea wamejaa mafundi wa simu, kila mmoja na meza yake, tochi kichwani. Niliwauliza kwa nini wote wamekusanyika hapo. Wakasema jengo lina umeme imara na kuta nene, joto halipenyi. Unaona? Reli imekufa, lakini sababu ya mji kuwa pale haijafa, imebadili kazi! Ningekuwa na ubao ningeuchora hapohapo.

Sinema ni duka la makochi. Tulipanda ngazi, tukakaa kwenye kochi moja kubwa, taa za zamani bado ziko juu. Muuzaji akauliza, "Wazee, mnanunua au mnasubiri picha ianze?" Mama yako akamjibu, "Tumekwisha lipa, washa mashine." (Alitupa maji ya kunywa. Kijana mwema.)

Nilikuwa nikiuliza, yeye akijibu. "Rangi gani?" "Kijani, ya kumenyeka." "Madirisha mangapi?" "Mengi, moja limetundikwa kanga ya mtu ikauke." Maisha yangu yote nimekuwa mwenye kueleza. Sikujua kuelezwa kuna utamu kiasi hiki.

Sasa sikiliza. Nyuma ya posta kuna duka la miwani. Mama yako alinisukuma ndani kwa nguvu. (Kwa upole.) Mpima macho ni mwanamke mwenye ulimi mwepesi. Akaniwekea taa jichoni, akavuta pumzi, akauliza:

"Babu, nani kakwambia unakuwa kipofu?"

"Marehemu baba yangu."

"Alikuwa daktari?"

"Hapana. Alikuwa kipofu."

Akacheka, akaomba radhi, akacheka tena. Kisha akanieleza, na alieleza vizuri sana, kwa mpangilio: huu ni mtoto wa jicho. Ndani ya jicho kuna kioo, na kioo changu kimeingia ukungu. Kioo hicho hutolewa, kikawekwa kipya. Hospitali ya mji huu hufanya kazi hiyo kila wiki. Akanipeleka mwenyewe, daktari akathibitisha. Nimepangiwa Alhamisi, jicho la kulia kwanza. Nikawauliza kuhusu baba yangu. Wakasema hawawezi kumpima aliyekwisha zikwa, lakini huenda na yeye ulikuwa ukungu tu. Mzee wangu alikaa kwenye kile kiti miaka yote ile, mwanangu. Na mimi nilikuwa naelekea kukikalia nikidhani nakirithi.

Naomba usimtume Breki na dereva wa akiba. Njoo wewe. Daktari amesema mara nyingi huenda vizuri, na mara chache haiendi. Basi tufanye mkataba. Nikitoka gizani, tunaendelea. Nikibaki gizani, Konokono ni wako, na chumba cha uani nitakiingia bila neno hata moja.

(Bila neno hata moja. Nimeandika ili tumshikilie.)

Naogopa, na nina furaha. Sijui mtu anayaweka wapi yote mawili. Njoo.

Baba yako, kwa mkono wa mama yako



Ofisini, Jumamosi, 21 Juni

Baba, Mama,

Nimeomba ruhusa ya wiki mbili. Nitapanda basi la Breki Jumatano asubuhi. Nimemwambia asipitwe na mtu.

Binti yenu



Mji wa ukurasa mzima, Jumatano, 9 Julai

Binti yangu mpendwa,

Umeondoka juzi na tayari nina mambo ya kukueleza, hata yale uliyoyaona mwenyewe, maana wewe uliyaona kutoka upande wako.

Daktari alipotoa kitambaa, nyinyi mlikuwa mmejipanga ukutani kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Mwanga uliniumiza kwanza. Kisha akatokea mama yako. Nilikuwa nikimwona kila siku karibu na pua yangu, lakini nilikuwa namwona kwa kumbukumbu, kama nilivyouona mnara. Nikasema lililonijia: "Kumbe una mvi nyingi hivyo!" Nawe ukaangua kilio, mama yako akaangua kicheko, na daktari akasema, "Mzee, jicho limepona. Ulimi ndio bado."

Kisha nikakutazama wewe. Nilikukazia jicho mpaka ukadhani nimechoka. Sikuchoka. Nilikuwa naona kwamba una mstari kati ya nyusi, wa mtu anayehesabu magari ya watu wengine mpaka yarudi salama. Sikujua kwamba upo. Nimekuwa nikikuandikia kama vile bado uko bweni. Kuanzia sasa nitajitahidi kumwandikia mwanamke mwenye mstari huo.

Jana nilimwomba mama yako funguo za gari. Kwa adabu. Nilimweleza faida za madereva wawili kupokezana katika safari ndefu. Alisikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani yake myeusi, akasema, "Mwalimu, umeeleza vizuri. Panda upande wako." Nimepanda upande wangu. Daktari naye amenikataza, mpaka jicho la kushoto lifanyiwe kazi mwezi ujao. Lakini nakuambia siri: hata akiniruhusu sitaidai tena. Anapoingia gia ya nne ana uso ambao sijawahi kuuona, na sitaki kuukosa kwa kutazama barabara.

Chumba cha uani kipangishe, au weka watoto wako wasomee. Rangi yako isiharibike bure.

Sasa, tunakwenda wapi? Nilifungua ramani nikitafuta mji mwingine niliowahi kuufundisha. Mama yako akaweka kidole mahali pengine, kwenye kidoti kidogo, mashariki, mahali barabara ya lami inapokwisha. Nikalisoma jina. Sijawahi kulisikia. Halimo katika kitabu chochote, cha darasa lolote. Sijui mji huo ulizaliwa na nini, kama ni maji, au njia, au ugomvi wa ndugu. Sijui maduka yake yametazama wapi. Mama yako aliniuliza, "Haya Mwalimu, tueleze habari za mji huu," na kwa mara ya kwanza tangu anioe (anasema yeye ndiye aliyenioa) sikuwa na la kusema.

Mwanangu, moyo unanidunda kama wa mtoto wa siku ya kwanza shuleni! Konokono anaunguruma, Breki anasubiri barua hii mlangoni, na anamwuliza mama yako, kwa heshima zote, kama tafadhali anaweza kutangulia yeye. Nakomea hapa. Nataka nikae mbele, nifungue dirisha, nitazame kwanza.

Baba yako